Maneno Chini ya Jina la Nyumba

Mwanamume yule aligonga geti la Nyumba ya Wageni Yeseri jua likiwa bado kali, akiwa na msichana aliyejifunika leso usoni kama mtu anayeumwa jino. Esperance alikuwa barazani akichagua maharage. Akaweka ungo chini, akafungua, akawakaribisha, akawauliza habari za safari, maana mgeni ni mgeni.

"Safari hakuna, mama. Tunatoka hapa tu sokoni," mwanamume akasema. "Chumba ya saa mbili ni bei gani? Na bia baridi iko?"

"Chumba cha saa mbili?"

"Eeh. Na muziki usipunguze sana."

Esperance alimtazama kwanza yeye, kisha leso. "Baba, hapa watu wanalala mpaka asubuhi, na wakiamka wanasali. Bia haijawahi kupita geti hili."

"Lakini ni nyinyi wenyewe mumeandika!"

Akamwekea simu mbele ya macho. Esperance alikuwa na darasa la sita, alilolimaliza Butembo, Kongo, kabla ya kuolewa ng'ambo hii ya mpaka, Uganda, na lilimtosha kusoma misale bila kukwama. Kwenye kioo kulikuwa na jina la nyumba, limeandikwa vizuri kwa rangi ya buluu. Chini yake mistari miwili:

*Vyumba vya saa au vya usiku kucha hapa Bwera. Bia baridi, muziki hadi asubuhi, hatuulizi maswali. Njoo ujirushe!*

Akaisoma. Akairudia, midomo ikimtembea.

Msichana akacheka ndani ya leso. "Mama mwenyewe hajui anauza nini."

"Sasa nimejua," Esperance akasema. "Na siuzi. Mwende kwa amani."

Alipofunga geti hakurudi kwenye maharage. Alisimama pale pale, mkono juu ya komeo, na miezi yote tangu Noeli ikaanza kujipanga kichwani mwake. Wale vijana waliofika wakiuliza kaunta iko wapi. Yule mzee wa magari aliyeona rozari ukutani akageuka bila kuaga. Na wale mama wa Beni na Butembo, waliokuwa wakilala kwake kila siku ya soko na mabalo yao, yale marobota ya vitenge, waliopotea mmoja mmoja kama waliofiwa. Yeye alidhani soko limeharibika. Kumbe walisoma, wakapita.

Na aliyeandika alimjua bila kuuliza. Mumewe, Yeseri, alipofariki, mdogo wake Tsongo alitaka nyumba iwe baa. Ukoo ulikaa, ukabishana mpaka sauti zikakauka, ukaamua hivi: mjane aiendeshe nyumba mpaka Pasaka. Ikisimama kwa wageni wake, ibaki mikononi mwake. Ikishindwa, Tsongo aichukue, na mjane apewe kile chumba cha nyuma karibu na jiko. Baada ya kikao kile Tsongo alikuja akitabasamu, akasema amemtengenezea tovuti huko Kasese, bure, watu wamwone mpaka Kampala. Esperance alimshukuru. Hata kuku alimchinjia.

Jioni ile Tsongo alipita kama kawaida yake, akajitupa kwenye kiti cha marehemu.

"Shemeji, yale maneno ya kwenye simu ni ya nani?"

Tsongo hakujificha. "Yangu. Shemeji, Google haina kanisa. Watu wanatafuta raha, nimewapa raha. Si unaona wanakuja?"

"Wanakuja, wanaona rozari, wanageuka."

"Basi toa rozari."

"Rozari haitoki," Esperance akasema, akinyanyua ungo wake. "Maneno ndiyo yatatoka. Na hicho kiti ukikalia, kalia vizuri, mguu wake mmoja umelegea."

Siku ya pili, baada ya misa ya asubuhi, alishuka Kasese. Jolly, mwanamke mwenye duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza tovuti, alikuwa mtu wa maneno ya haraka na mikono ya haraka zaidi. Alipomsikiliza Esperance, ambaye wengi walimwita kwa jina la mwanawe, alifunika mdomo.

"Mama Achille! Mzee Tsongo ndiye alinipa hayo maneno. Alisema nyumba ni yake."

"Na wewe uliamini?"

"Mteja akileta kazi, mimi nauliza picha ziko wapi. Siulizi ukoo." Akawasha kompyuta. "Lakini mashuka ya nyumba ile, mtu yeyote wa Bwera anajua anayafua nani. Vuta kiti."

"Kitu kimoja hakiniingii. Mimi hiyo tovuti niliifungua. Niliona picha ya nyumba, nikaona picha ya vitanda. Maneno ya bia sikuyaona."

"Huwezi kuyaona kule ndani. Tunayaandika kwa nyuma, ni maelezo mafupi ya kuwaonyesha watu wanaotafuta. Mtu anaandika kwenye Google, 'mahali pa kulala Bwera.' Nyumba zinajitokeza nyingi, zimepangana kama mabanda ya soko. Chini ya kila jina kuna mistari miwili. Mtu hajaingia kwako bado. Anasoma hiyo miwili tu, halafu anaamua, naingia hapa au napita."

"Kwa hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu mchana kutwa," Esperance akasema polepole, "na mwingine amesimama barabarani anaita watu kwa jina langu."

"Ndivyo."

"Toa. Niandike mwenyewe."

Jolly akampa kipande cha karatasi. Esperance aliandika akiegemea mashine ya kuchapishia, kwa mwandiko wa shule, na alipomaliza Jolly akaingiza kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo aone itakavyotokea:

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mjane wa marehemu Yeseri wa Bwera nakusalimu wewe na jamaa yako yote, nikitumaini kwamba mko wazima kwa neema ya…*

Halafu vinukta vitatu.

"Mengine yako wapi? Niliandika mpaka habari za maji ya moto!"

"Yamekatwa. Nafasi ni ndogo, Mama." Jolly alikuwa anajizuia, mabega yanamcheza. "Mtu amechoka, anatafuta kitanda. Umemsalimia, umemwombea, umemfungia mlango."

"Haiwezekani kuingia kwa mtu bila hodi na salamu. Mimi nilifundwa."

"Lakini hapa anayepiga hodi si wewe. Ni mgeni. Ameshapiga hodi alipoandika, 'mahali pa kulala Bwera.' Wewe unaitika tu. Na unaitika kile alichouliza."

Esperance akaiweka kalamu chini. Akawaza ni nani hasa anayepiga hodi. Akamwona Rachelle, mfanyabiashara wa Beni, alivyofika mara ya kwanza kabisa, vumbi mpaka kwenye kope, mabalo yamelundikana kwenye mkokoteni. Rachelle hakuanza na bei. Alisema: *Mizigo yangu italala wapi? Na mulango iko na komeo ya ndani?* Alipojibiwa, ndipo alipovua viatu.

Akaomba karatasi nyingine. Alikata, akarudia, akakata tena, huku Jolly akimsomea kwa sauti na kumwambia hili sogeza mbele, hili linakula nafasi, jina la Bwera lisikose kwa sababu ndilo watu wanaloandika. Mwisho yakabaki haya:

*Lala salama Bwera, karibu na mpaka. Stoo ya mizigo yenye kufuli, maji ya moto, komeo la ndani. Mwanamke uliye peke yako, karibu. Pombe hatuuzi.*

"Mazuri sana," Jolly akasema. "Ila hilo la mwisho tuondoe. Usitangaze kitu usichokuwa nacho. Utafukuza watu."

"Hao ndio ninaotaka kuwafukuza."

"Mama, nakwambia kama mtu wa kazi. Watakaobonyeza watapungua."

"Wapungue. Anayekuja kwangu aje akijua. Sitaki tena mtu anitazame kana kwamba nimemwibia."

Jolly akaacha neno lilipo. "Kuna jambo jingine. Google inachukua siku zake mpaka isome upya. Na wakati mwingine inayaacha maneno yako, inachota mstari wowote ndani ya tovuti na kuuweka pale. Hatuna amri juu ya hilo."

"Kumbe kila mstari ulioko ndani unaweza kusimama mlangoni?"

"Wowote."

"Basi tuingie ndani tufagie."

Wakaingia. Ile picha ya chupa zilizopangwa ilitoka, na ule ukurasa wa "burudani" ukafuatia. Mahali pake Esperance akaamuru, Jolly akiandika: chakula ni maharage, matoke na samaki wa ziwani Hamukungu akipatikana, geti linafungwa saa tatu usiku, asubuhi kuna chai, spika za muziki haziingii. Chumba cha familia kikapata maelezo yake mafupi, na stoo ikapata ya kwake, maana Jolly alisema kila ukurasa unajiitia wenyewe watu wake. Mwisho wakabadilisha neno la siri. Esperance alilichagua mwenyewe, akaliandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili umefunika kama anayekinga mshumaa.

Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Siku zikapita na geti halikugongwa. Wale wa chumba cha saa mbili walikoma, na wengine hawakuja. Jolly alipiga simu, akasema kwa upole kwamba waliobonyeza wamepungua kama alivyoonya. Tsongo alipita, akakaa kwenye kiti kingine safari hii.

"Umefunga Kwaresima mpaka kwenye simu," akasema. "Nenda Kasese, shemeji, rudisha maneno yangu. Sisi ni ndugu. Sitakucheka."

"Cheka tu. Hayarudi."

"Unataka kulala chumba cha nyuma kwa sababu ya mistari miwili?"

"Nikilala huko nitalala na jina langu. Wewe unataka nibaki na vyumba vyote, halafu watu wasome chini ya jina la kaka yako kwamba hapa hatuulizi maswali. Yeseri aliuliza maswali maisha yake yote. Hata kuku alimuuliza ametoka wapi."

Tsongo alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka, akaondoka.

Usiku Esperance alisali rozari yake mpaka mwisho, na hakumwomba Mungu wateja. Aliomba asichoke.

Aliyekuja kwanza alikuwa Rachelle. Hakugonga, alipiga geti kwa kiganja, kama mtu wa nyumbani, na nyuma yake kulikuwa na wenzake wawili na mkokoteni umeinama kwa uzito.

"Mama Achille! Ni weye kweli? Tulisema nyumba ilikufa!"

"Nani aliyeiua?"

"Ile maneno! Tulisoma ku telefone, bia, muziki, nikasema, aa, mama ule ameuzisha nyumba. Tukapita. Tulikuwa tunalala kule ku lodge ya chini, mulango haina hata musumari. Sasa juzi huyu ananionyesha," akamsukuma mwenzake mbele, "anasema, ona, kuko moja inasema komeo ya ndani. Nikasema, ule mutu nilimuuliza komeo miye mwenyewe! Ni yeye!"

"Na pombe hakuna, mmeona?"

"Tumeona. Bwana yangu pia ameona. Amesema lala kule kule."

Wakacheka mpaka mkokoteni ukatikisika. Usiku ule Rachelle alipiga picha ya kioo cha simu yake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mama wa mpaka. Siku ya soko iliyofuata walikuja wengine, na iliyofuata wengine zaidi, na baadhi yao Esperance hakuwahi kuwaona. Waliandika wenyewe kwenye simu, wakasoma, wakaja moja kwa moja mpaka stoo, wakivuta kufuli kulijaribu.

Jumanne ya Juma Kuu, siku ya soko, Tsongo alifika na pikapu. Nyuma yake kulikuwa na spika kubwa zimefungwa kamba, na kijana wa kukodisha muziki ameketi juu yazo. Alikuwa amekuja kupima mahali pa kaunta.

Esperance alisimama katikati ya geti, kanga imekazwa kiunoni.

"Pasaka bado, shemeji."

"Imebaki siku chache. Na sikiliza." Tsongo alikuwa amechangamka, simu mkononi. "Yale maneno yako uliyoenda kupigania Kasese, nimeyatafuta leo. Hayapo! Google yenyewe imeyakataa. Imeweka mengine."

Akasoma kwa sauti kubwa, ili na mama waliokuwa uani wasikie: "'Geti linafungwa saa tatu usiku. Asubuhi kuna chai. Spika za muziki…'" Sauti ikampungukia.

"Malizia, papa," Rachelle akasema kutoka kwenye kamba ya nguo.

Akamalizia kijana wa spika, aliyekuwa ameinama juu ya bega la Tsongo akisoma. "'Spika za muziki haziingii.' Mzee, kumbe ndiyo hapa? Mbona imeandikwa waziwazi?"

"Shusha!" Tsongo akasema.

"Nishushe wapi? Mama amesimama. Na watu wamejaa." Kijana akaketi tena juu ya spika zake.

"Hayo nayo niliandika mimi," Esperance akasema. "Chota mstari wowote uliomo humo ndani, shemeji, uubandike mlangoni. Sina hata mmoja wa kunitia aibu."

Tsongo alichungulia juu ya bega la Esperance. Uani kulikuwa na vitenge vimeanikwa, sufuria ya maharage jikoni, viatu vya wanawake mbele ya kila mlango wa chumba, na mlango wa kile chumba cha nyuma pia. Akavihesabu; hata chumba kimoja hakikuwa tupu.

"Nitawaleta wazee," akasema, lakini aliyasema hayo akielekea kwenye gari.

"Waambie waje Jumatatu ya Pasaka," Esperance akamjibu, tayari anavuta geti. "Chakula kitakuwepo. Vitanda hakuna."