Vyumba Viwili vya Sitaha ya Tano

Tamsin alidanganya kwa simu, na uongo wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kikohozi.

"Vimeshachukuliwa, Baba," alisema. "Vile vyenye mlango wa kati vimekwisha vyote."

Havikuwa vimekwisha. Alikuwa akivitazama kwenye kompyuta, pale jikoni kwake Brisbane: vyumba viwili vya sitaha ya tano, ubavu kwa ubavu, na kati yao alama ndogo ya mlango. Kimoja kingekuwa cha baba yake, Kelvin. Cha pili kingekuwa chake yeye na mumewe Brodie na mtoto wao Raffi, wa mwaka mmoja na miezi minane. Lakini havikuwa na roshani, vilikuwa na dirisha la duara lisilofunguka tu, na kidole cha Tamsin kilikuwa kimekwisha kusogea kwingine, sitaha ya kumi, nyuma kabisa ya meli.

Kule Mount Isa, mji wa migodi, upande wa pili wa simu, Kelvin alivuta pumzi. "Basi, mwanangu," akasema. "Bahati haikuwa yetu. Nitafutie chochote, hata stoo."

Sasa mtu asije akasema Tamsin alikuwa na roho mbaya. La hasha! Alikuwa amechoka, na aliyewahi kumfundisha mtoto kulala peke yake anajua uchovu ninaousema. Kundi lao la akina mama kwenye simu lina sheria nyingi kuliko bunge. Mtoto akilia, hesabu dakika. Usimnyanyue. Usimtazame machoni. Wiki tano Tamsin alikaa sakafuni nje ya chumba cha mwanawe akilia pamoja naye, mlango ukiwa katikati, mpaka Raffi akafuzu. Halafu Pasaka akaja Babu. Raffi alinung'unika tu usingizini, mzee akaruka, akaingia, akamnyanyua. Mtoto akafumbua macho, akakuta uso asioujua, akapiga ukelele uliowaamsha majirani. Kazi yote ya wiki tano ikaenda na maji.

"Nilidhani anaumwa," Kelvin alijitetea.

"Hakuwa anaumwa, Baba! Alikuwa anaota!"

Na kundi lilikwisha toa fatwa yake kuhusu safari za meli: chukueni roshani. Mtoto analala ndani gizani, ninyi mnakaa nje na kahawa yenu kama binadamu. Kuhusu mababu na mabibi, mmoja akaandika: waweke mbali, sitaha nyingine kabisa, utanishukuru. Mioyo mingi myekundu ikafuata chini yake. Tamsin naye akabandika wake.

Lakini safari hii ilikuwa wazo la nani? La Kelvin. Miaka thelathini na minne alichimba shaba chini ya ardhi, na mapafu yake sasa yalikuwa yakidai haki yao. Daktari alimwambia mwaka kesho asifikirie tena ndege wala meli. Atakuwa mtu wa mtungi wa hewa na kiti. Akawapigia. "Siku nane tu," alisema. "Numea, Lifou, huko visiwani, turudi. Nataka mtoto anijue. Kila nikimwona analia kama nimekuja kumchoma sindano. Nipeni ile saa yake ya asubuhi, basi."

Saa hiyo ya Raffi kila mtu aliijua. Akiamka saa kumi na moja na nusu huwa ni malaika: anacheka, anagawa vitu vyake, anaimbia vidole vya miguu. Ikifika saa mbili ameshakuwa jambazi. Kelvin, mtu wa zamu ya alfajiri maisha yake yote, aliamka saa kumi na nusu bila saa ya kengele. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri: mlango wa kati, mjukuu anaamka, babu tayari yu macho. Mama na baba waendelee kulala.

Hesabu ilikuwa safi. Aliyeiharibu tunamjua.

Asubuhi nne za kwanza Tamsin alikunywa kahawa yake kwenye roshani. Alfajiri bahari ilikuwa ya kijivu, kisha samawati, Raffi akikaa miguuni pake akivilisha mkate viatu vya Brodie, akicheka peke yake. Ilikuwa raha. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba ilikuwa raha kweli.

Kelvin alijaribu, ingawa alfajiri hakuthubutu kubisha, asije akamwamsha mtu tena. Kutoka chumba chake, sitaha ya tano, upande wa mbele, mpaka kwao, ni lifti na ujia mrefu usiokwisha. Alifika akihema, na mara nyingi alifika na kukuta karatasi mlangoni: MTOTO AMELALA. Saa tano na nusu hadi saa nane analala. Saa kumi na moja jioni anakula. Saa kumi na mbili na nusu analala tena. Saa zilizobaki alikuwa yule jambazi, na jambazi akimwona mzee wa nyusi nene anajificha kwenye sketi ya mama yake na kupiga mayowe.

"Ana mapafu mazuri," Kelvin alisema siku ya tatu, akitabasamu kwa shida. "Angalau kuna mmoja wetu anayo."

"Atakuzoea, Baba. Kumzoea mwalimu wake wa chekechea kulimchukua siku tano nzima, leo hataki kumwachia."

"Siku tano kutwa nzima," Brodie akasema polepole, bila kumtazama mkewe. Tamsin akamkanyaga chini ya meza.

Siku ya tano, baada ya kuondoka Lifou, alimshusha Raffi kumtembelea babu yake. Dhamiri ilikuwa imeanza kumkuna, akadhani dakika ishirini zingeitibu. Walipofika ujia wa sitaha ya tano, Kelvin alikuwa amesimama nje akipiga soga na mhudumu wake, Rogelio, Mfilipino mchangamfu aliyekuwa akikunja taulo kuwa kobe na tembo. Nyuma ya Rogelio milango miwili ilikuwa wazi.

Raffi akachomoka. Akaingia mlango wa kwanza, kimya kidogo, halafu akatokea mlango wa pili akichekelea. Akarudi tena. Ndani ulikuwako mlango wa tatu, wa kati, nao uko wazi, na mtoto alikuwa amegundua kwamba dunia inaweza kuzungukwa. Mara ya nne akatokea, akamkuta Kelvin amechuchumaa njiani, na kwa jinsi alivyokuwa na furaha akasahau kulia. Akampita tu, akazunguka tena.

Kelvin alicheka mpaka akakohoa. "We Rogelio, wenye vyumba wasije wakatukuta!"

"Hakuna wenyewe, mzee. Hivi viwili havijapata mtu toka tuondoke Brisbane. Havikununuliwa kabisa. Mimi naweka taulo zangu tu humo."

"Hivi vya mlango wa kati?"

"Ndiyo, mzee. Vizuri sana kwa familia. Sijui kwa nini watu hawakuvitaka."

Njia ya mwongo fupi, wamesema, lakini ya Tamsin ilikuwa fupi kupita kiasi: hatua tatu za ujia wenye zulia. Uso wake uliwaka. Kelvin alikuwa bado amechuchumaa, mkono mmoja ukutani. Alimtazama binti yake kwa muda, na Tamsin akaona kabisa jambo lile likiingia kichwani mwa mzee, likikaa chini. Halafu mzee akafanya kitu kibaya kuliko kukasirika. Akamfungulia mlango wa kutokea.

"Labda yule aliyekuambia vimekwisha alikosea," akasema. "Hawa vijana wa ofisini, unajua tena."

Ilikuwa nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa mbele yake, imemnyoshea mkono na kumvutia kiti.

"Labda," Tamsin akasema.

Ah, Tamsin! Uongo wa kwanza unaweza kuuita uchovu. Huu wa pili tuuite nini?

Alipomsimulia Brodie, Brodie hakufoka. Alikaa kwenye ile roshani yao nzuri akitazama mikono yake. "Nenda kwa wale wa mapokezi ukaombe vile vyumba," alisema. "Halafu nenda kwa baba yako. Mimi nafunga mabegi."

Wa mapokezi hawakuleta shida yoyote. Dakika kumi, funguo hizi hapa. Urahisi wake ulimkata maini Tamsin. Alimkuta Kelvin kwenye kiti cha kivulini, kofia imemfunika uso.

"Baba, sikuambiwa vimekwisha. Vilikuwepo. Nilikudanganya."

"Najua."

"Niliogopa utamwamsha. Niliogopa… ile ya Pasaka."

Kelvin aliondoa kofia. Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni jua. "Ungeniambia, Tam. Ningebaki upande wangu. Ungetaka mlango ufungwe, ungefungwa. Mimi nilitaka tu kumsikia akiamka."

Tamsin alipiga magoti pale pale kwenye mbao za sitaha, watu wakipita na aiskrimu zao, akalia kwenye goti la baba yake kama mtoto aliyevunja kitu. Mzee alimpapasa nywele. Hakumwambia "si kitu," kwa sababu ilikuwa kitu.

Walihama jioni hiyo. Wahenga wana usemi wao kuhusu majuto na mjukuu, sina haja ya kuumalizia.

Asubuhi ya kwanza, Raffi alipokohoa kile kikohozi chake cha kuamka, Kelvin alikuwa tayari, amechana nywele, amevaa shati la mikono mirefu kama anakwenda kanisani. Alisimama mlangoni pasipo kuvuka. "Naweza?" akamwuliza binti yake. Tamsin akaitikia kwa kichwa. Mtoto alimwona, akaganda, akapiga ukelele. Kelvin akarudi kwake. Siku nzima akawa anapita mbali mbali, kama anayemzoesha paka wa mtaani.

Asubuhi ya pili Raffi alilia kidogo tu, tena bila machozi, kwa kutimiza wajibu. Baada ya kulala mchana alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa kati, akamkodolea mzee aliyekuwa akifunga kamba za viatu, akasema "kiatu," akakimbia. Kelvin alilirudia neno hilo hadi chakula cha jioni. "Aliniambia kiatu! Mlimsikia?"

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya mwisho. Meli ilikuwa imekwisha ingia Brisbane, imefungwa kamba, mabegi yako nje. Raffi aliamka saa kumi na moja na nusu, akakaa kitandani, akamwona babu yake kwenye kiti, upande wake wa mlango. Hakulia. Alimtazama sana. Tamsin na Brodie walikuwa macho lakini wakajifanya wamelala, hawathubutu hata kugeuka.

Kelvin aliimba kitu kwa sauti ya chini, sauti mbovu, yenye mikwaruzo. Raffi akacheka. Kelvin akaja, akamtoa kwenye kitanda chake, na mtoto akakubali kutolewa. Akakalishwa gotini akakubali. Akapewa kipande cha mkate uliookwa, akakila nusu, nusu iliyoloa mate akaisukumiza mdomoni mwa babu yake. Kelvin akaila. Wakakaa hivyo, kichwa cha mtoto kifuani kwa mzee, kikipanda na kushuka na ile pumzi yake ya shida. Saa nzima ikapita, na Tamsin hakusinzia hata dakika.

Kipaza sauti kikalia darini: abiria wa sitaha ya tano, tafadhali shukeni sasa.

Kelvin akaanza kuinuka mara ile ile. Alikuwa mtu wa zamu, akiitwa huitika.

"Kaa, Baba," Tamsin akasema. "Tutakuwa wa mwisho. Watusubiri."

"Kuna watu wanaingia mchana, mwanangu. Rogelio ana kazi."

Alimnyanyua Raffi amrudishie mama yake. Mtoto akamng'ang'ania kola, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaanza kulia kwa kunyang'anywa. Kelvin alibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, akitabasamu.

"Asubuhi tatu tu," alisema. "Kumbe alihitaji asubuhi tatu tu."

Tamsin alimpokea mwanawe. Asubuhi nne alikuwa amekwisha zinywea kahawa.