Tumbo Hewani

Wiki ileile aliyopewa fainali ndiyo wiki aliyopewa vidonge.

Kazini walimwita Kasuku, na jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Alikuwa mtangazaji wa mpira wa redio, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile pale kituoni, na mdomo wake haukujua breki. Winga akigusa mpira, mama aliyekuwa jikoni kwake akisugua sufuria alimwona winga huyo, akaona na soksi yake iliyoteremka. Miaka yote hiyo Kasuku alikuwa amepewa nusu fainali, mechi za kirafiki na mechi za mvua ambazo wenzake walizikimbia. Sasa bosi alikuwa amemwita, akamwambia bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "Fainali ni yako." Kasuku alitoka ofisini anatembea taratibu kama mtu mzima mwenye heshima zake, akakata kona ya ukumbi, akaruka juu akipiga kelele mpaka fundi mitambo akatoa kichwa dirishani kuuliza nani ameumia.

Habari ya vidonge ilikuja siku mbili tatu baadaye. Kwa muda mrefu alikuwa anachoka hovyo. Akila mchana, usingizi unamkamata kama amepigwa rungu. Ngozi ya shingoni ilikuwa imeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Daktari, mwanamama mpole mwenye miwani minene, alimpima damu, kisha akavuta kiti karibu.

"Mwili wako unatengeneza insulini, tena nyingi," alisema. "Shida ni kwamba mwili umeacha kuisikia. Insulini ni kama mgeni anayebisha hodi ili sukari iingie ndani. Inabisha, inabisha, wenye nyumba wanajifanya hawapo. Sukari inabaki nje, kwenye damu."

"Ndiyo kisukari hicho?"

"Bado. Lakini ndiko unakoelekea, na mimi nataka tukugeuze njiani. Utatembea kila siku, utapunguza vitamu, na nitakupa metformini. Anza na kidonge kimoja, jioni, katikati ya chakula. Tumbo linaweza kusumbua mwanzoni. Likizoea ndipo tutaongeza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Alimwelewa, ila nusu. Kichwani mwake kulikuwa na fainali tu. Alitaka uchovu uondoke haraka, aingie uwanjani akiwa mwepesi kama unyoya, na hii habari ya kimoja kimoja aliiona ni kucheleweshwa. Kesho yake asubuhi, na tumbo tupu, akameza viwili kwa chai ya rangi, akaondoka zake.

Tumbo halikuchukua muda kujibu. Lilinguruma kama pikipiki iliyokatika ekzosi. Mdomo nao ukawa na ladha ya chuma, kama mtu aliyelala akinyonya funguo. Alijua sasa choo cha kila jengo alilopita, kipi kina maji na kipi mlango wake haufungi. Lakini Kasuku ni mbishi. Kesho yake akameza tena viwili, na keshokutwa tena, akijiambia kwamba dawa inayouma ndiyo inayofanya kazi.

Ndipo ikaja mechi ya ligi ya mwisho wa wiki. Katika chumba cha utangazaji alikaa na Kocha, mchambuzi wao. Kocha alikuwa mzee aliyefundisha mpira maisha yake yote, na hakuna alichokuwa hakijui uwanjani. Ubaya wake ulikuwa mmoja: maneno aliyahesabu kama mtu anayegawa dawa. Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea ukingoni, mwamuzi akapuliza filimbi na kuonyesha nukta ya penalti, uwanja ukalipuka. Na tumbo la Kasuku likalipuka pamoja nao. Hakupata hata nafasi ya kuaga. Alivua vipokea sauti, akavitupa mezani, akatoka mbio.

Redioni kukawa kimya. Kimya kirefu, mpaka Shangazi yake aliyekuwa anasikiliza nyumbani akaipiga redio kofi mara mbili. Kisha ikasikika sauti ya Kocha, kavu kama mkate wa juzi.

"Eee. Amepiga."

Kimya.

"Imeingia."

Kimya tena.

"Basi."

Kufika jioni, kipande hicho kilikuwa kimezunguka kwenye simu za watu wote. Watoto walikuwa wanapiga mpira barabarani na kusema, "Eee. Amepiga. Imeingia. Basi," kisha wanaanguka chini kwa kicheko.

Bosi hakucheka. "Fainali nampa msomaji wa taarifa ya habari," alisema.

"Bosi! Yule atatangaza goli kama anatangaza msiba."

"Angalau atakuwepo. Wewe ulikuwa wapi wakati wa penalti?"

"Nilipata dharura."

"Dharura gani isiyoweza kungoja penalti?"

Kasuku aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akaona uongo wote umemkimbia. "Tumbo, bosi. Tumbo la kuendesha. Nimeanza dawa, na nikianza kubanwa sina hiari."

Bosi alikohoa, akazungusha kalamu. Hilo hakulitegemea. "Pole," alisema. "Sikiliza. Mimi ninachotaka ni redio isikae kimya tena. Utafanyaje, ni juu yako. Nihakikishie hilo, kiti ni chako."

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akachukua pakiti ya vidonge na kuielekeza kwenye ndoo ya taka. Shangazi, dada wa baba yake aliyekuwa akiishi naye, aliudaka mkono wake ukiwa hewani.

"Weka hapo. Ndoo ndiyo iliyokuandikia dawa?"

"Shangazi, zinaniua!"

"Basi nenda ukamwambie aliyekupa kwamba zinakuua. Usijipe udaktari humu jikoni kwangu."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Ulianzaje kumeza?"

Kasuku akasema ukweli. Daktari akavua miwani, akajikanda macho, mabega yakawa yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

"Mama wewe! Mtu akikuambia panda ngazi, unaruka ghorofani? Tumbo lako halina kosa." Akaandika upya. "Hizi ni za aina nyingine, zinaachia dawa polepole. Kimoja, na chakula cha jioni, kimeze kizima bila kukitafuna. Usile mlo mzito wa mafuta mengi kwa mara moja, na maji unywe. Hiyo ladha ya chuma itakuacha. Ukizidiwa, njoo kabla hujajiamulia."

"Na siku ya fainali, tumbo litakuwa limetulia?"

"Wengi hutulia baada ya wiki chache. Lakini siwezi kukuapia tarehe."

Hapo ndipo Kasuku alipotoka na wazo. Kama tumbo haliwezi kuahidi, basi Kocha itabidi ajifunze kusema.

Mzee alikuja nyumbani kwao akiwa amevaa kofia yake ya mazoezi, akakalishwa kwenye stuli jikoni, akapewa mwiko mkononi kama kipaza sauti. Shangazi alikuwa mezani anamenya viazi.

"Haya mzee, tangaza," alisema Kasuku.

Kocha aliangalia. "Ameshika kiazi."

"Kisha?"

"Anakimenya."

"Mzee! Msikilizaji haoni! Kiazi kikubwa au kidogo? Kisu kinapita wapi? Yeye mwenyewe ana sura gani?"

"Sura ya kawaida."

"Nani ana sura ya kawaida?" Shangazi aliweka kisu chini, akashika kiuno. Kisha, labda kwa hasira, labda kwa sababu alianza kuonja utamu wa kutazamwa, alichukua kiazi kingine na kukirusha juu, akakidaka kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akaanza kukimenya kwa kasi huku ganda likishuka refu bila kukatika.

Kocha akainuka nusu kwenye stuli. "Anakirusha… anakidaka! Kushoto! Jamani, kushoto! Kisu kinateleza, ganda linashuka, linashuka, halijakatika bado, mama huyu ana mkono gani? Linagusa meza… limekatika! Aaa! Limekatika dakika za mwisho!"

Aliona wote wawili wanamkodolea macho. Akakaa, akarekebisha kofia. "Nimezidisha?"

"Usipunguze hata nukta," alisema Kasuku, na machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka.

Walifanya hivyo jioni baada ya jioni. Kocha alitangaza viazi, alitangaza ugomvi wa paka uani, alitangaza Shangazi akitafuta miwani yake iliyokuwa kichwani pake. Wakapatana ishara: Kasuku akimgusa bega, kabla hajamaliza kuvuta pumzi mzee awe ameshapokea. Kidonge nacho kikamezwa katikati ya chakula, Shangazi akisimamia kama mwamuzi. Tumbo likaanza kupoa. Si kwamba lilinyamaza, lakini sasa lilinong'ona, halikupiga kelele. Siku moja asubuhi Kasuku akaonja chai, akagundua ni chai tu, haina chuma ndani yake. Mchana ule alifanya kazi bila kusinzia. Alijiangalia kwenye kioo cha lifti, akajikonyeza.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wakawa kama wamepakwa kwenye kuta. Ilikuwa Reli na Saruji, timu ya wafanyakazi wa treni na timu ya kiwanda, mahasimu tangu zamani. Kasuku aliingia chumba cha utangazaji ameshachunguza mambo mawili: majina ya wachezaji wa akiba, na umbali wa choo. Alivaa vipokea sauti. Taa nyekundu ikawaka.

Na sauti ikaja yenyewe. Ilipanda na kushuka na mpira, ikapunguza mwendo mpira ulipotulia, ikaruka ulipopaa. Reli walitangulia kwa kichwa cha beki wao mrefu, na Kasuku alilivuta neno goli mpaka Kocha akaogopa atazimia. Wakati wa mapumziko alikwenda alikokuwa na haja ya kwenda, akarudi, akanywa maji. Kipindi cha pili kikasonga. Saruji walishambulia kama nyuki, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukagonga nguzo, ukatolewa kwenye mstari. Ndipo, mechi ikiwa imebakiza kidogo tu, mkazo ukapita tumboni mwake, kama ngumi inayofumba taratibu. Alijua huu hautanii.

Akamgusa Kocha begani.

"…na mpira uko kwa kiungo wa Saruji," alisema Kasuku.

"…kiungo wa Saruji anainua kichwa," alisema Kocha, bila hata nafasi ya kupitisha uzi katikati.

Alikimbia ukumbini huku sauti ya mzee ikimfuata kutoka kwenye redio ya mlinzi wa mlangoni. Alikuwa chooni, mlango umefungwa, viganja vimekandamiza kuta, aliposikia uwanja mzima unavuta pumzi, na kupitia ukutani sauti ya Kocha ikipanda ngazi mbili mbili:

"Anaingia ndani ya kumi na nane! Mmoja! Wa pili! Huyu beki amemenywa kama kiazi, jamani, ganda liko chini! Anapiga… wavu! Wavu! Goliii! Saruji wamesawazisha! Mama yangu mzazi, mimi nimezeeka bure, sikujua kusema kuna raha hivi!"

Kasuku alicheka humo chooni peke yake, akacheka mpaka mlinzi akagonga kuuliza kama kuna usalama.

Alirudi muda wa nyongeza unaanza, mwepesi, jasho limekauka. Kocha alikuwa amesimama, kofia imegeuka nyuma, na alimpisha kama mtu anayepisha malkia. Hakuna aliyefunga tena. Wakaenda kwenye mikwaju ya penalti, na hapa Kasuku hakuachia mtu. Alisimulia kila hatua ya mpigaji, kila kidole cha kipa. Na kipa wa Saruji aliporuka upande wa kulia, akautoa mpira wa mwisho kwa ncha ya glavu, Kasuku alipiga yowe lililowatoa watu wa mtaa mzima milangoni.

Katika vurumai hiyo Kocha alivua vipokea sauti vyake, akainama na kumuuliza kwa huruma ya kweli, "Mwanangu, tumbo limetulia?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi nzima ilisikia.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo alishika kichwa. Kasuku alitazama taa nyekundu. Angeweza kukohoa, angeweza kuweka wimbo. Lakini damu ilikuwa imechemka na hofu yote ilikuwa imeishia kwenye penalti.

"Limetulia, mzee," alisema. "Wasikilizaji, mmesikia vizuri. Kile kimya cha penalti ya ligi, ilikuwa mimi nimekimbilia chooni. Nimeanza dawa ya kuurudisha mwili wangu kwenye mstari kabla haujaingia kwenye kisukari, na nikaimeza ovyo kwa haraka zangu. Daktari akanirekebisha. Bado nakimbia mara mojamoja, lakini nipo. Na Saruji ni mabingwa!"

Kesho yake asubuhi simu za kituo hazikupumzika. Wengine walitaka Kocha atangaze peke yake. Mwalimu mmoja alisema mama yake amecheka kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Bosi mwenyewe alikuwa anapokea, mikono ya shati imekunjwa, anacheka waziwazi, kisha akamnyooshea Kasuku simu moja.

"Huyu anakutaka wewe tu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, na nyuma yake cherehani zilikuwa zinakwenda.

"Dada, mimi ni fundi nguo. Dawa zangu, kama hizo zako, niliziacha mwezi uliopita. Niliona aibu kumwambia daktari habari za choo."

"Kaka, yeye kila siku anasikia habari za choo. Ulikuwa unameza na chakula?"

"Nilikuwa nameza njiani, nikienda kazini."

Kasuku alivuta kiti kwa mguu, akakaa, na sauti yake ikaanza kupanda kama mpira umevuka katikati ya uwanja. "Mungu wangu, ni mwenzangu! Funga cherehani kidogo, kaka. Nieleze kuanzia mwanzo, halafu leo hiihii uende ukamwambie daktari wako hivyohivyo."