Shahidi Aliyetoka Mbugani

Jumamosi hiyo Kipngetich alikama ng'ombe saa kumi alfajiri, akamwachia jirani zizi, akarudi kumkuta mama yake, Tecla, ameshaketi kiti cha mbele cha Probox, shali kichwani, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mapajani. Miaka tisini na miwili, na bado yeye ndiye wa kwanza kuwa tayari. Mjukuu wake Nelvine ndiye dereva. Walikuwa wanaenda mbugani kuona ndovu.

Si starehe, jamani. Tecla alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kusimama kwenye kaburi la mama yake. Kaburi lenyewe liko Kericho, ndani ya shamba la kampuni ya majani chai. Watu walifukuzwa hapo yeye akiwa mtoto, chai ikapandwa juu. Kipngetich alipeleka barua nne zikamezwa. Ya tano ikajibiwa: kampuni haina ubaya, mradi familia ilete shahidi anayekumbuka mahali palivyokuwa kabla ya chai. Shahidi gani, na wote wameshazikwa? Tecla alifikiri wiki nzima, akasema, "Ndovu wanakumbuka. Na ukoo wetu ni wa ndovu."

Mbugani walizunguka tangu saa tatu mpaka saa nane. Kila walipokaribia kundi, magari ya watalii yalikuwa yameshaziba njia. Kipngetich alifura.

"Hata ndovu wa ukoo wetu tumwone kwa mgongo wa mtu?" alisema.

Saa tisa ndovu jike mzee, sikio moja limechanika, alipenya kati ya magari akaja mpaka dirishani kwa Tecla. Tecla akamsalimu kwa Kipsigis, akamwonjesha mursik, akamweleza shida yake. Ndovu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika barabara ya kurudi Kericho. Nelvine akamfuata kwa gia ya kwanza.

Walilala Chebunyo kwa binamu. Ndovu alikula nusu ya mahindi yake, naye binamu akasema mgeni ni mgeni. Kesho yake mjini Bomet polisi walisimamisha Probox, wakakagua stika ya bima mara mbili. Ndovu alipungiwa mkono apite. Aliwangoja mbele, kando ya duka la mbolea.

Kwenye geti la kampuni, askari aitwaye Masese alifungua kitabu cha wageni.

"Jina?" akauliza, akaandika Ndovu. "Anatoka wapi?"

Ndovu akaweka mkonga juu ya udongo wa upande wa ndani. Masese akaandika Hapa, akafungua geti. Ndovu alipita katikati ya michai bila kuvunja tawi, akafika mahali kwenye mteremko, akasimama. Hata kutoka getini mgongo wake ulionekana.

"Na mimi niandike natoka Hapa," Tecla akasema.

"Shosho, hiyo siwezi. Nitafutwa kazi."

"Si mlitaka shahidi?" Kipngetich akafoka. "Si huyo ameonyesha? Mnataka nini ingine?"

Masese akapiga simu ofisini. Aliitikia "ndiyo mkubwa" mara nyingi, akarudi.

"Wanasema shahidi ni mzuri sana. Atakaa hapo hapo, kesho wataleta seng'enge ya kumlinda. Nyinyi naweza kuwaandika wageni wa kuona ndovu. Dakika kumi. Lakini hakuna kushuka kwa gari."

Kipngetich alitamani kulipiga teke geti, kitabu na kampuni nzima. Akaweka sahihi, kwa sababu mama yake ana miaka tisini na miwili na dakika zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa.

Nelvine aliendesha polepole mpaka karibu na ndovu, akazima injini. Tecla akateremsha kioo, akatoa mkono wote nje. Ulifika kwenye majani ya chai, haukufika chini.

"Mama," akasema kwa Kipsigis, "ni mimi. Nimefika. Wamekataa nishuke."

Ndovu akasogea kando kidogo, akawaachia nafasi ya kuongea. Kule getini Masese akaangalia saa yake, akapuliza filimbi.