Likizo ya Mama Nurdini

Siku Mama Nurdini alipotangaza kwamba anakwenda kisiwani Ngazija kupumzika, Chilangala nzima ilicheka kwanza, halafu ikaona wivu. Kucheka kulikuwa na sababu. Likizo ni ya walimu na manesi. Mkulima wa korosho akikaa bila kazi, watu humwuliza anaumwa nini. Na yeye mwenyewe, Mwanasha binti Mfaume, mjane wa miaka mingi, hakuwahi kupumzika maishani ila alipojifungua, na kujifungua kwenyewe alijifungua mara moja tu, huyo huyo Nurdini.

"Utafanya nini huko?" aliuliza Rahima, Mama Shakila, jirani yake wa tangu ujana. Hao wawili walichangia kinu, walichangia ua, na kama kuna siri mmoja alikuwa nayo ambayo mwenzake haijui, basi mimi sijaisikia.

"Nitakaa."

"Utakaa tu?"

"Nurdini kasema asubuhi unakaa ufukweni, mchana unakula, jioni unatazama mlima. Mlima wa moto. Kisiwa chote kimetoka kwenye huo moto, mawe yake meusi tii."

"Salaale! Na jua?"

"Jua lipo la kutosha."

"Juu jua, chini moto. Mama Nurdini, unakwenda likizo au unakwenda kukaangwa?"

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Lakini Mwanasha alikuwa anajiandaa kwelikweli. Mwezi wa saba ule baridi ya Newala ilikuwa inauma mpaka kwenye mifupa, ukungu hautoki mpaka saa nne, na yeye kila siku baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka uani, akajinyoosha, akajaribu kupumzika ili asije akawatia aibu huko aendako. Hakuweza. Mikono ilikuwa inatafuta kazi yenyewe. Akiangalia pembeni anaona ufagio, anainuka. Alinunua miwani ya jua mnadani, akawa anaivaa ndani ya ukungu, na watoto wanamfuata nyuma wakimwita mheshimiwa.

Msimcheke sana. Wanawake wa pale, wakikutana ghalani msimu wa kupima korosho, walikuwa na mazoea ya kumwuliza habari za mwanawe kwa sauti ile ya huruma inayoumiza kuliko tusi. Nurdini alikwenda Ngazija kufanya kazi bandarini, akaoa hukohuko, akapata mtoto, na mama yake hajamwona mkwe wala mjukuu. "Hivi Nurdini bado anakukumbuka?" Ndivyo walivyouliza. Sasa Nurdini alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe: Mama, njoo upumzike, tiketi ya ndege utaikuta Dar es Salaam. Kwa Mwanasha safari ilikuwa ndiyo jibu. Mlima wa moto ungeweza kuwa wa matope, asingejali. Alitaka aitwe, aende, na watu waone kwamba ameitwa.

Kwa hiyo aliaga. Kwetu mtu haondoki kimyakimya kama mwizi wa kuku. Anapita nyumba kwa nyumba, anasema naondoka, nisameheni nilipowakosea, na watu wanamwombea. Mzee Alfani akamsomea dua ndefu. Wakristo wa upande wa pili nao wakamwombea kwao. Kila nyumba ikampa kitu cha kumpelekea mjukuu: korosho za kukaanga, ming'oko ya kuchimbwa porini, unga wa muhogo, mpaka mfuko ukakataa kufunga. Rahima akamsindikiza hadi kituoni Newala, akamfunga kilemba upya, akalia. Mikorosho ya Mwanasha, Rahima ndiye angeipulizia dawa mpaka mwenyewe arudi.

Mwanasha alishuka Masasi jioni, akachukua chumba kwenye nyumba ya wageni kule Mkomaindo, alale, alfajiri apande basi la Dar es Salaam. Alikuwa ameketi kitandani anakunja kanga simu ilipoita.

"Mama, uko wapi?"

"Niko Masasi, mwanangu. Keshokutwa tunaonana, inshallah."

Nurdini akakohoa kidogo. Mama yeyote anakijua kikohozi cha mwanawe.

"Mama, naomba tuahirishe kidogo. Ndugu za mke wangu wamekuja kutoka Ufaransa, kuna harusi kubwa ya kwao. Wamekuja wengi kuliko tulivyotegemea. Nyumba imejaa."

"Mimi nitalala hata sebuleni."

"Sebuleni wamelala watu."

"Jikoni, basi. Mimi na jiko tunajuana."

"Mama."

Alilisema neno hilo kwa uchovu, namna mtu anavyomkataza mtoto. Nyuma yake Mwanasha alisikia wanawake wakicheka na sahani zikigongana, nyumba iliyochangamka. Na hasira hakuwa na pa kuipeleka, kwa sababu aliijua mila. Huko, kama kwetu zamani, nyumba ni ya mke. Mume ni mtu aliyekaribishwa. Mwanawe mwenyewe alikuwa mgeni, angemkaribishaje mgeni mwingine?

"Basi usijali," akasema. "Hata mimi mgongo ulikuwa unanisumbua. Nitarudi nyumbani kesho."

"Mwakani, Mama. Mwakani bila kukosa."

"Inshallah."

Asubuhi alikwenda stendi kweli, na mfuko wake. Gari la Newala lilikuwepo, utingo anaita, nafasi zipo. Mguu ukakataa kupanda. Mtu aliyeombewa dua na misikiti na makanisa anarudije kesho yake na mfuko uleule, ming'oko ileile ndani? Mawazoni aliwaona wale wanawake wa ghalani wakimjia na pole zao. "Jamani, pole, Mama Nurdini. Kwani alikuambia nini hasa?" Akageuka, akarudi Mkomaindo, akamwambia yule dada wa nyumba ya wageni kwamba atakaa siku kadhaa.

Dada huyo aliitwa Salome, Mmakua mcheshi.

"Shikamoo, mama. Unamsubiri mgonjwa hospitali?"

"Marahaba. Hapana. Niko likizo."

"Masasi?" Salome akaweka ndoo chini. "Mtani wangu, watu wanatoka Masasi kwenda likizo. Wewe Mmakonde ndiye wa kwanza kuja!"

Mwanasha akacheka naye, maana angefanya nini? Halafu akaanza likizo yake. Aliifuata kama alivyopangiwa. Asubuhi alitoa kiti uani, akavaa miwani, akakaa juani. Mchana alikula. Jioni alitazama mlima, kwa sababu Masasi milima ipo, mikubwa, ya mawe matupu, imesimama katikati ya watu tangu enzi na enzi bila kumchoma mtu yeyote. Alikaa. Kukaa kulimshinda kule kwao kwa sababu ya kazi. Hapa kazi haikuwepo, na ndipo alipogundua kwamba kazi ndiyo iliyokuwa inamzuia asihesabu watu alionao duniani.

Kila ikikaribia magharibi, Rahima alipiga simu.

"Mama Nurdini! Umefika salama?"

"Nimefika." Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

"Sauti yako iko karibu, utadhani uko hapa uani."

"Mitambo ya huku mizuri."

"Na mlima, unawaka?"

"Hauwaki. Unatoa moshi kidogo tu, hasa asubuhi."

Kesho yake tena. Umelalaje? Umekula nini? Leo umefanya nini? Mwanasha alimweleza mawe meusi ambayo hajayaona, na samaki ambao hajawala. Alishangaa jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi, mpaka Rahima alipouliza habari za mkwe.

"Ananipikia hadi naona haya. Hataki nishike hata kijiko."

"Na mjukuu?"

"Ananiita bibi. Analala kwangu."

Akishakata simu alijifunika kanga usoni, akalia taratibu ili Salome asisikie. Chilangala walijua yuko Ngazija. Ngazija walijua yuko Chilangala. Hapakuwa na mtu hata mmoja chini ya jua aliyejua Mwanasha binti Mfaume amelala wapi. Angekufa kitandani pale, Salome angepekua simu yake na asingejua ampigie nani. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko mlima wowote wa moto. Na hata hivyo, ikifika magharibi, alikaa na simu mapajani akiisubiri iite.

Siku moja iliita mchana. Sauti ya Rahima ilikuwa imekauka.

"Mama Nurdini, sikutaka kukuharibia likizo yako. Shakila amejifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, wa kike. Shakila mwenyewe ndiye, homa ilimpanda ikakataa kushuka. Leo wamembadilishia dawa, naona ana nafuu. Lakini mumewe yuko safarini, mimi niko peke yangu tangu juzi, sijafumba jicho, sina hata wa kunishikia mtoto nikaoge."

"Uko wapi?"

"Niko huku alikoolewa. Masasi, hospitalini hapa Mkomaindo."

Mwanasha akasimama. Hospitali ilikuwa nyuma ya maduka yale pale, ungetupa jiwe. Wakati uleule gari la matangazo likakunja kona na kuingia mtaani kwa mwendo wa kobe, vipaza sauti juu.

"Wananchi wa Masasi, kaeni mkao wa kula! Kesho uwanjani, fainali!"

Lilisikika dirishani, likasikika na kwenye simu, upande wa Rahima, maneno yaleyale kwa pamoja. Mwanasha alifunika simu kwa kiganja. Alikuwa amechelewa. Gari likapita.

"Mama Shakila? Hayo ni... huku nako kuna..."

Uongo uliokuwa mwepesi siku zote ukamgomea.

"Usipate tabu ya kunieleza," Rahima akasema polepole. "Wodi ya wazazi. Mlango wa mwisho, mkono wa kushoto, kitanda cha dirishani." Akakata.

Mwanasha alikaa chini, akainuka, akakaa tena. Angeweza kupanda basi aende popote. Angeweza kuzima simu. Nawaambieni, aibu ni mzigo wa ajabu: ukiubeba peke yako unakuvunja mgongo, na bado hutaki mtu akutue. Alimfikiria Rahima anavyomwangalia kuanzia miguuni. Kisha akamfikiria amekaa na mtoto mchanga mikononi, macho mekundu, hana wa kumpokea. Akafunga kilemba. Akaishika njia, njia yenyewe fupi.

Alimkuta ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda, kakonda siku chache zile, kitoto kimelala kifuani. Mwanasha alikuwa ameandaa maneno. Rahima hakuyasubiri, alisogea tu, akampisha kwenye mkeka.

"Ulijua," Mwanasha akasema.

"Nurdini alinipigia siku ileile uliyomwambia ungekuwa umerudi. Anauliza mama amefika? Nikamwambia amefika, amelala."

"Ukamdanganya?"

"Ulitaka nimwambie mama yako amepotea? Nikakupigia wewe. Ukapokea, ukasema uko Ngazija, mlima unatoa moshi. Nikasema alhamdulillahi, mwenzangu anapumua." Sauti ilimpanda, wagonjwa wakageuka. "Unadhani mimi nina shida na mlima? Nilikuwa nakupigia nijue kama uko hai! Na nyumbani nimewaambia wote, mkwe anakupikia, mjukuu anakuita bibi. Nimesema uongo mimi, mtu mzima, na mtungi wa udhu mkononi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza kila siku, Mama Nurdini. Kila siku nilikuuliza leo umefanya nini. Nilikuwa nasubiri wewe unijibu."

Mwanasha akainamisha kichwa. Rahima alipangusa macho kwa ukingo wa kanga, kwa hasira, kisha akamtilia mtoto mikononi bila kuomba.

"Mshike. Mimi nakwenda kuoga, nanuka kama mbuzi."

Akatoka. Mtoto alikuwa mwepesi, wa moto, akitafuta ziwa kwa mdomo usingizini. Mwanasha alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa ameshika mtoto mchanga tangu Nurdini.

Shakila akafumbua macho kitandani. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini akatabasamu.

"Shikamoo, Mama Nurdini. Umerudi lini? Nurdini hajambo?"

Ndilo lilikuwa swali lenyewe. Lile la ghalani, lile alilolikimbia, sasa linaulizwa na mgonjwa asiye na hila yoyote. Jibu tamu lilikuwepo mdomoni, amelizoea.

"Marahaba, mwanangu. Hajambo," akasema. "Ila sikufika. Aliniambia nisiende. Nyumba imejaa wageni, hakukuwa na mahali pa kuniweka. Nilimwambia nitalala jikoni, akakataa."

Alidhani akiyasema yatakuwa mepesi. Hayakuwa mepesi hata kidogo. Shakila akanyoosha mkono uliokuwa na moto wa homa, akamshika kiganja, na Mama Nurdini akalia kwa sauti pale wodini, mbele za watu wote, mtoto wa watu kifuani, wala hakujifunika uso.