Mshahara wa Mzee Talib

Alefiya alipoachiwa tanuri la mkate la babake pale Madungu, kitu cha kwanza alichokifuta ni bahasha. Babake, kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, alikuwa akimwita mfanyakazi mmoja mmoja, anampa bahasha mkononi na kumuuliza hali ya nyumbani. Alefiya aliona hayo ni mambo ya kizee. Alichukua namba za simu kutoka daftari la babake, akatuma mishahara yote kwa mkupuo mmoja, akajiona kalamba dume.

Mwezi wa tatu wa utaratibu huo, asubuhi, duka limejaa wateja, Mzee Talib alitoka nyuma akijipangusa unga. Alikuwa mchomaji wa boflo, ile mikate ya tanuri, wa nyumba ile kwa miaka ishirini na mbili.

"Samahani, Bi Alefiya. Ile haki yangu..."

"Haki gani tena, Mzee Talib?" Sauti yake ilifika mpaka barazani. "Si nimekutumia? Miezi yote mitatu! Unazifanyia nini, unaoa?"

Watu wakacheka. Jecha muuza samaki, ambaye mzaha wake hauna mpaka, alicheka hadi akaegemea kabati la mikate. Mzee Talib akarudi kwenye moto wake. Siku hizo alikuwa akichelewa, anakuja kwa miguu kutoka Pujini huku anatweta, na kwa hilo pia Alefiya alishamkaripia.

Adhuhuri, wateja walipopungua, Mwanakhamis wa kaunta alisema bila kumtazama usoni:

"Bi, Mzee Talib kauza baiskeli. Na simu hana. Ile namba ya daftarini ilikuwa ya mkewe. Simu yenyewe imo sandukuni, imezimwa tangu msiba wake."

Alefiya akafungua risiti kwenye simu yake. Zilikuwa tatu, na kila moja ina jina la mpokeaji kwa herufi kubwa: UMMKULTHUM. Mazikoni kwake Alefiya alikwenda mwenyewe, alikaa mkekani na wanawake, akapeleka na mikate ya hitima. Jina lile limepita mbele ya macho yake mara tatu na mara tatu hakulisoma, kwa sababu juu yake paliandikwa "imefanikiwa", na hilo lilimtosha. Alijionea haya kama hajapata kujionea maishani.

Akamfuata mzee nyuma. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ushasema ushatuma, Bi. Mbele ya watu." Talib alikuwa akipanga boflo ubaoni, hakugeuka. "Sasa miye n'kwambie waongopa?"

Kumpa fedha zake pale pale nyuma, kimya kimya, ingekuwa rahisi. Lakini aibu aliyompa ilikuwa ya mbele ya watu. Asubuhi iliyofuata, foleni ikiwa imefika mlangoni, Alefiya alimwita, bahasha mkononi.

"Jana nilimkosea Mzee Talib..."

"Si kitu, Bi," mzee akamkatiza haraka. "Ni simu yangu tu, mbovu."

"Nunua nyengine basi, mzee!" Jecha akadakia. "Mishahara mitatu unayo!"

Kicheko kikaanza tena. Na Alefiya, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alitaka kukiacha. Jambo lilikuwa linajimaliza lenyewe, na yeye anatoka safi. Mtu asiyekuwa na simu kaisingizia simu ili kumsitiri yeye.

"Hana simu," alisema. "Mshahara wake nimempelekea marehemu mkewe, miezi mitatu. Jina ninaliona. Halafu nikamcheka."

Jecha akainamia kapu lake. Mzee Talib aliipokea bahasha kwa mikono miwili, hakuihesabu, akasema boflo zitaungua.

Kesho yake alichelewa tena. Alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho, kwani baiskeli aliyoiuza ilikuwa Mgogoni na aliyeinunua hakukubali kumuuzia tena. Alefiya alimwona anavyokuja tangu mbali, akainamisha uso.