Aliyepita Bendera Ikipanda

Kwetu Kabambare, polisi wakipiga filimbi asubuhi bendera ipande, kila mtu husimama. Pikipiki huzimwa, mwenye beseni kichwani hukakamaa nalo. Mdogo wangu Ruphin hasimami. Tangu arudi kutoka machimbo ya Salamabila anasikia sauti zinazomwambia akisimama atakufa, basi hutembea mchana kutwa, nyayo zimepasuka.

Mara ya kwanza polisi Gaston alimtia kasho, kile chumba cha mahabusu, kwa kudharau taifa. Yeye asiyeweza kutulia, wakamfungia mahali pa kuchuchumaa! Alijigonga ukutani mpaka akatoka damu. Hakimu Hippolyte alipomhoji, Ruphin alinyamaza, na kwetu anayenyamaza mbele ya hakimu amekiri. Tukaambiwa akirudia atapelekwa gereza la Kasongo. Watu wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Niliwachukia wote, nasema wazi.

Kisha mahakimu na polisi, Hippolyte na Gaston wakiwemo, wakaitwa semina huko Kasongo, wafundishwe kumtambua mgonjwa wa akili. Nilicheka. Nikasema watakula wali, watakunywa soda, watarudi na kofia mpya. Kofia walirudi nazo kweli.

Asubuhi moja nilikuwa nauza mikate karibu na ofisi yenye bendera, filimbi ikalia. Nikasimama, mkono ndani ya beseni. Ruphin huyo, anakuja, midomo inachezacheza. Hakimu Hippolyte amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, anamwona. Nikajua mdogo wangu ndiyo amekwenda, na gerezani hatamaliza mwezi.

Gaston akatoka kwenye mstari. Akamwachia mwenzake bunduki, akamfikia Ruphin, akatembea sambamba naye bila kumshika. Bendera inapanda, na polisi anatembea.

Filimbi ya pili ilipolia, bendera imefika juu, mkuu wake akamfokea akiuliza kama naye amerukwa na akili. Gaston hakusimama. Alimtazama hakimu tu. Sote tukamtazama hakimu.

Hippolyte akavaa kofia yake polepole.

“Ule mutoto iko mugonjwa,” akasema. “Mimi nilimuhukumu mubaya. Gaston, mupeleke ku hospitali. Musisimame. Mimi niko nakuya nyuma.”

Akawafuata kwa miguu, tumbo lake kubwa mbele. Nikaacha mikate yangu palepale, nikakimbia.

Ruphin akageuka, akatuona. Hakuwa amenisemesha tangu mvua zilizopita.

“Muko nakuya wote?”

Nikamwambia wote.