Amina kwa Kidonge

Baba yangu hakuwahi kumeza kitu bila kuongea na Mungu kwanza. Mkate una baraka yake, tunda lina yake, divai ina yake, na dawa ina dua yake fupi, ambayo Baba aliisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia mteja aliyesahau mfuko wake kaunta: "Na iwe radhi yako, Bwana Mungu wangu, jambo hili liwe uponyaji kwangu, kwa kuwa wewe ni mganga wa bure." Kisha ananyamaza, kidonge mkononi, ananitazama. Mimi naitikia Amina. Ndipo anameza.

Kwa miaka mingi alikuwa na duka la samaki pale Balaclava, hapa hapa Melbourne. Ukionjeshwa kipande cha heringi ukakitupia mdomoni kabla ya kusema baraka yake, Anshel Rozner alikupokonya sahani mbele za watu. "We bwana, umelelewa na paka?" Watu walinuna, wakaapa hawarudi, na Ijumaa inayofuata ukawakuta wamepanga foleni, maana heringi kama ile ungeitafuta mji mzima usiipate. Mimi nilikuwa naona aibu. Nilikuwa msichana mwenye aibu nyingi na baba mwenye sauti kubwa.

Saratani ya kongosho ilipomshika, dua ile ndiyo ikawa kazi yake. Aliisema kabla ya kila dripu ya kemo, mkono mmoja ukipapasa utosini kuhakikisha kofia yake ndogo ya Kiyahudi ipo. Akifika kwenye "mganga wa bure" humkonyeza daktari bingwa na kumwambia, "Hapo sikusemi wewe, wewe unalipwa." Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alicheka kila mara. Nilimpenda kwa kicheko kile.

Muda mfupi baada ya Pasaka daktari yule alituonyesha hospitalini picha za ini, saratani imeshaenea huko. Kemo haifanyi kitu tena, alisema, inamtesa tu. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Aliingia chumbani kwa Baba akamuuliza kama angependa kuelezwa hali yake ilivyo. Baba akamwonyesha kaka yangu Nachum kwa kidole. "Mweleze huyu, ndiye niliyemsomesha."

Huyo msomi, wakili wa Sydney, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alinivuta kwenye korido akanishika bega kama nilikuwa nataka kukimbia.

"Hatumwambii," alisema.

"Nachum, huyu si mtoto."

"Mgonjwa havunjwi moyo, Gitel. Ndivyo tulivyofundishwa. Akijua atakata tamaa, na akikata tamaa tumemuua sisi, si ugonjwa."

"Sasa asubuhi akiniuliza dawa zake ziko wapi?"

Nachum alikuwa na jibu, mawakili huwa hawakosi. Akarudi chumbani akamwambia Baba kwamba wamebadilisha, kuna vidonge vipya, vya kumeza nyumbani, hakuna tena sindano. Halafu akaenda duka la dawa la Carlisle Street akanunua vitamini. Nilimwona akizungusha kichupa mbele ya macho yake kutafuta mhuri wa marabi. Uongo wenyewe ulikuwa kosher, halali kwa Myahudi kumeza. Akavihamishia kwenye chupa isiyo na maandishi, akanibusu, akapanda ndege kurudi kwa kesi zake. Chupa akaniachia mimi.

Asubuhi iliyofuata, tumesharudi nyumbani, nikampelekea Baba kidonge na glasi ya maji. Akaketi kwa tabu, akapapasa kofia, akakifumbata kidonge, akaanza, "Na iwe radhi yako, Bwana Mungu wangu." Aliisema taratibu kuliko zamani, neno kwa neno, maana ilikuwa dawa mpya na alitaka kuianza vizuri. Akamaliza. Akanitazama.

Ni lazima niwaambie alichonifundisha huyu mtu. Kulitaja jina la Mungu bure ni kosa kubwa, na baraka ya bure haiitikiwi Amina. Ukibariki tofaa, halafu ukaling'ata ukakuta limeoza lote, unanong'ona pale pale: "Lihimidiwe jina la ufalme wake mtukufu milele na milele." Hiyo ndiyo tiba ya baraka iliyopotea. Nikiwa mdogo nilinong'ona mara nyingi sana, maana nilikuwa na haraka na kila kitu na Baba alikuwa na masikio ya popo. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa mbele yangu akimwomba Mungu kwa jina lake ampe uzima kupitia kidonge cha vitamini, na mimi ndiye niliyekileta.

"Gitel, umelala? Mkono unachoka."

"Amina, Baba."

Akameza. Mimi nikageukia dirishani, nikajifanya naweka pazia sawa, nikanong'ona yale maneno ya tofaa bovu.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye dua, mimi Amina, kisha mimi dirishani. Pazia la chumba kile halijawahi kunyooshwa kiasi kile. Kila siku nilijiambia kesho nitamwambia ukweli, na kila siku nilimwona akimeza kwa matumaini yale, nikaishiwa nguvu. Tena sijui nilimwogopa nani zaidi, Baba au Mungu au ndugu yangu.

Sina, muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumpa mofini, alikuwa Msamoa mkubwa wa mwili mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza kumsikia Baba akiomba aliitikia "Aamina!" iliyotikisa vikombe, tena dua ikiwa katikati.

"Amina yako nzuri, Sista," Baba alimwambia, "ila ungoje nimalize. Unaitikia kama mtu mwenye basi la kuwahi."

"Kanisani kwetu tukingoja umalize, mzee, tutalala."

"Basi mchungaji wenu hajui kuomba. Niletee huyo."

Walipendana. Nachum alipopiga simu Baba alimsimulia habari za Sina tu. Lakini jikoni Sina alinibana kwenye friji, mikono kifuani.

"Dada, mimi sitamwambia kitu, si familia yangu. Lakini akiniuliza, nitamjibu. Mimi simdanganyi mgonjwa."

"Amekuuliza?"

"Hajaniuliza. Na hilo ndilo linanisumbua. Wengine huuliza hata sukari ya kwenye chai."

Sabato ilipokwisha nilimpigia Nachum nikamwambia siwezi tena. Nililia, na mimi kulia kwenye simu sipendi.

"Nimemuuliza rabi," alisema. "Anasema Mungu akitaka ataponya hata kwa maji ya bomba. Si dua ya bure."

"Basi rabi aje aitikie yeye."

"Gitel, jamani. Sauti yake jana ilikuwa na nguvu. Umeisikia? Ni matumaini hayo. Unataka kumnyang'anya?"

Sikutaka kumnyang'anya. Hilo ndilo lililonifunga. Kama ningejua Nachum amekosea, ningempigia kelele mpaka Sydney nzima isikie. Lakini nami nilikuwa nimeisikia ile sauti ya Baba. Nilimtaka aishi hata siku moja zaidi, kwa vitamini, kwa uongo, kwa chochote, na moyoni nilikuwa nimeanza upumbavu wa kungoja vile vidonge vifanye kazi.

Asubuhi moja ya mvua Sina alikuwa ameinama anamkanda Baba miguu, iliyovimba hata soksi hazikupanda. Nilikuwa nimebeba glasi mkono mmoja, supu mkono mwingine, kwa hiyo sikuweza kwenda dirishani. Baba akaomba. Nikasema Amina. Na midomo yangu, kwa mazoea tu, ikaendelea yenyewe, mbele ya uso wake.

Kidonge kilikuwa kimefika karibu na kinywa chake. Mkono ukasimama.

"Umesema nini?"

"Amina."

"Baada ya Amina."

"Sijasema kitu, Baba. Meza, maji yanapoa." Maji yalikuwa ya baridi.

Akanitazama. Alikuwa amekonda mno, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. "Gitel," akasema polepole, "tofaa gani limeoza?"

Nilishindwa. Nikainama kuweka supu na glasi chini. Akangoja. Kisha akageuza kichwa upande wa miguu yake.

"Sista. Hiki ni kidonge cha nini?"

Sina alisimama wima. Alinitazama mimi kwanza, na alikuwa na machozi tayari. "Ni vitamini, mzee."

"Na ile kemo?"

"Wameacha, mzee. Haikuwa inasaidia tena."

"Tangu lini?"

"Tangu urudi nyumbani."

Baba akatikisa kichwa kidogo, kama anapopewa bei ya samaki aliyoitegemea. Akakiweka kidonge kwenye kisahani, taratibu, kisije kikaanguka. Nilitegemea atanguruma. Ningelipa chochote angurume.

"Kila asubuhi," aliniambia, "mmenisimamisha mbele za Mungu nimwombe kwa vitamini. Nami naomba kwa bidii! Nikaongeza na machozi."

"Ni Nachum, Baba."

"Nachum yuko Sydney. Amina ilikuwa sauti yako."

"Nilitaka uishi."

"Najua, mwanangu. Hata mimi nilitaka."

Akamwomba Sina amlaze, akageukia ukutani. Nilikaa nje ya mlango siku ile yote kama mtu aliyefukuzwa, ingawa hakuna aliyenifukuza. Nachum alipiga simu, nikamwambia Baba anajua. Nilisikia tu pumzi zake, na baadaye nikasikia analia, ndugu yangu ambaye hata mazikoni kwa Mama hakulia.

Siku iliyofuata nilimpelekea Baba mofini kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Vitamini nilikuwa nimevitupa. Alikuwa amelala vibaya, maumivu yamemkunja. Nikamwinua kwa mto, nikamweka kofia yake sawa maana mikono haikufika tena, nikampa kikombe, nikangoja.

Akanywa.

Alikinywa tu, kimya, hivi hivi, kama watu wengine wanavyokunywa. Miaka yote ya maisha yangu sikuwa nimeona kitu kile. Amina yangu ilikuwa imeshafika mdomoni, ikakosa pa kwenda.

"Baba, umesahau dua."

"Sijasahau."

"Hii si vitamini, Baba. Hii ni dawa kweli, muulize Sina. Sema dua."

"Inaponya?"

"Inatuliza."

"Samaki unamweka kwenye barafu, Gitel. Barafu inamsaidia sana. Lakini haimponyi."

"Usiniletee habari za samaki! Kutuliza nako ni uponyaji. Utaombaje miaka yote halafu leo uache? Sema, Baba. Nakuomba. Sema hata kwa sauti ndogo, mimi nitaitikia, safari hii nitaitikia kwa moyo."

"Sina cha kumwomba hapo. Nina mengine ya kumwambia, nitamwambia mwenyewe. Hayo hayahitaji mtu wa kuitikia."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana nilichanganyikiwa. Hasira zake nilizizoea, ningepambana nazo. Huyu mtu mpole sikumjua. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mimi mwanamke mwenye wajukuu, nikakishika kile kikombe kitupu kwa mikono miwili, nikaisema mimi.

"Na iwe radhi yako, Bwana Mungu wetu, jambo hili liwe uponyaji kwa Anshel mwana wa Breindel." Mgonjwa huombewa kwa jina la mama yake, nami nililitaja vibaya. "Liwe uponyaji kwake, kwa kuwa wewe ni mganga wa bure."

Nikanyamaza. Nikamtazama, kama yeye alivyokuwa akinitazama mimi.

Alikuwa macho. Alikuwa amenisikia kila neno. Alininyooshea mkono, akanishika shavu, akanitazama kwa huruma kama vile mgonjwa ni mimi. Nikangoja. Alijua nangoja nini. Midomo yake ilibaki imefungwa.

"Baba," nikasema, "itikia basi."

Akanipapasa shavu. Nikavuta pumzi, nikaianza dua tena tangu mwanzo.